Ombi la Kurudishiwa Zamu ya Usiku

Millicent Awuor,
Ghorofa ya nne, Fereej Bin Mahmoud,
Doha.
Mei 2020

Kwa Ndugu Maurice, Mwenyekiti,
Chama cha Ustawi wa Ndugu wa Afrika Mashariki,
Doha.

Ndugu Mwenyekiti,

KUH: WARAKA WAKO WA "KILA MTU NYUMBANI, KILA MTU NA KITANDA CHAKE"

Nakusalimu kwa heshima zote, nikiwa nimesimama, kwa maana mahali pote pa kukaa hapa kwangu pamekaliwa.

Waraka wako ulinifikia kwenye kundi la WhatsApp. Nimeusoma mara mbili. Mara ya pili niliusoma kwa sauti na nyumba nzima ikasikiliza, kwa sababu hakukuwa na pa kwenda ili wasisikie. Umeagiza kwamba kwa ajili ya korona kila kitanda kiwe na mtu mmoja, na wale wa ziada majina yao yakufikie kabla ya Ijumaa ili "watafutiwe pengine". Hukutaja pengine ni wapi. Nilimpigia katibu wako, akaniambia pengine bado panatafutwa.

Ili usinidhanie mkaidi, hebu nikukumbushe mimi ni nani. Nilikuja Doha kufagia ofisi za watu. Katika kufagia nikaona jambo ambalo wenye ofisi hawakuliona: kitanda cha mtu wa zamu ya usiku kinakaa bure usiku kucha, cha mtu wa mchana kinakaa bure mchana kutwa, na vyote viwili vinalipiwa. Nikakodi nyumba ya vyumba vitatu, nikatia vitanda vinane, na kila kitanda nikakipa wanawake wawili, mmoja wa mchana na mmoja wa usiku. Vitanda vinane, watu kumi na sita, na kila mmoja analipa nusu ya kile angelipa kwingine. Wananiita Matroni. Mimi nalala stoo ya jikoni kwenye kitanda cha kukunja, na katika hesabu hii sijihesabu.

Hesabu ilisimama wima, Mwenyekiti, kwa sharti moja tu: kwamba saa yoyote ile nusu ya nyumba yangu iko kazini. Kisha zikafungwa saluni, zikafungwa hoteli, yakafungwa maduka makubwa, na wewe ukamalizia kwa waraka. Malalamiko yangu ni haya:

1. Neno "nyumbani". Umeliandika kana kwamba nyumbani ni mahali. Kwetu sisi nyumbani ni saa. Mchukue Winfred, anayefua shuka za hoteli usiku. Nyumbani kwake ni asubuhi mpaka jua linapotua. Mchukue Nyaboke, anayesuka nywele kwenye saluni kule Al Mansoura. Nyumbani kwake ni kuanzia hapo mpaka alfajiri. Wote wawili anwani yao ni kitanda nambari tatu. Miaka miwili hii walijuana kwa salamu za mlangoni, huyu akivua viatu na yule akivaa. Hata Ijumaa, siku ya Nyaboke kupumzika, alikuwa anaondoka mapema kwenda kanisani Mesaimeer, na ibada ikiisha anazunguka kutembelea watu mpaka Winfred aamke aende kazini. Mchungaji alikuwa akimsifu mbele ya washirika kwamba huyu dada haipendi dunia, hana haraka ya kurudi nyumbani. Sasa kanisa nalo limefungwa, na Nyaboke amerudi.

2. Kitanda chenyewe. Usiku wa kwanza wa hii amri yenu, Winfred alitoka kuoga akamkuta Nyaboke ameketi kitandani anajipaka mafuta.

"Dada, samahani, umekalia kitanda changu."

"Chako saa ngapi?"

"Sasa hivi!"

"Sasa hivi ni saa mbili usiku, mama. Hii ni saa yangu. Wewe saa hii uko hotelini."

"Hoteli si imefungwa?"

"Kwa hivyo ndio nimefukuzwa mimi?"

Nyumba nzima ilicheka. Nami nilicheka, halafu nikakumbuka kwamba nina vitanda vingine saba.

Tangu hapo wanalala mzungu wa nne, kichwa cha huyu kwenye miguu ya yule. Winfred amezoea moto wa mashine za kufulia, kwa hiyo akilala anataka chumba kiwe baridi kama friji ya nyama. Nyaboke anataka blanketi mbili, na analala mshazari kama mtu aliyelelewa bila ndugu. Kila asubuhi naletewa kesi mbili kuhusu kitanda kimoja.

3. Mita mbili. Nilitii. Niliazima futi kwa jirani anayeshona nguo, nikaingia chumba kikubwa chenye vitanda vitatu, yaani watu sita. Nikamweka Nyaboke kwenye kona. Mita mbili kutoka kwake, Winfred akawa mlangoni. Mita mbili tena, wa tatu akawa kwenye ujia. Wa nne bafuni. Wa tano kwenye ngazi, pamoja na haris anayelinda jengo. Wa sita, Mwenyekiti, anatokea dirishani, na sisi tuko ghorofa ya nne. Nikadhani nimekosea, nikapima upya kuanzia kona nyingine. Akatoka dirishani mtu mwingine, lakini alitoka.

4. Kunawa mikono. Ile video yako ya kunawa huku mtu akiimba wimbo wa siku ya kuzaliwa mara mbili ni nzuri na tumeipenda. Lakini mabomba yetu ni mawili. Watu kumi na sita kwa mabomba mawili ni foleni ya wanane wanane, na wa mwisho akimaliza, wa kwanza amekwisha shika kitasa cha mlango na inabidi aanze tena. Hivyo hapa kwangu ni sherehe mchana kutwa na hakuna aliyeonja keki. Haris alipanda kuuliza ni nani anayezaliwa. Nilimwambia, "Ni sisi sote." Kesho yake alituletea tende.

5. Mazoezi. Umeshauri watu waruke kamba sebuleni ili wasikae tu. Shamira, dada yetu wa Uganda aliyekuwa akilinda duka kubwa usiku, alijaribu siku moja, tena ana swaumu. Aliruka mara tatu. Mara ya nne wa ghorofa ya chini walikuwa mlangoni wamevaa barakoa, na barakoa ile haikuficha hasira.

6. Kazi. Hapa naomba usome polepole. Mudir, yaani meneja wa Winfred, hakumfukuza. Alimwambia aende nyumbani, hoteli ikianza kufunguka atapigiwa simu. Asiposhika, itapigwa kwa mwingine, na mpaka siku hiyo hakuna mshahara. Sasa anatembea na hiyo simu mkononi kama mtu aliyebeba yai. Mama yake alimpigia kutoka Machakos, akasikia hajaenda kazini, akafurahi. "Kwani sasa uko likizo? Basi pumzika mwanangu, umefanya kazi sana." Winfred akasema ndiyo mama, napumzika. Alipokata simu alikaa bafuni muda mrefu, na foleni ya mabomba haikumgongea mlango. Wa aina yake ninao kumi. Kodi siwezi kumwomba mtu anayengoja kupigiwa. Mwenye jengo ananiomba mimi.

7. Ziada. Umetaka majina manane. Mwenyekiti, mimi ni mtu wa hesabu na hesabu hii imenishinda. Nilianza na aliyekuja mwisho, nikakuta ndiye anayetupikia. Nikafikiria anayekoroma, lakini huyo ndiye wa kwanza kuamka usiku mtu akiugua. Nikaamua nifuate vitanda: kila kitanda mwenyewe abaki, ziada aende. Nikasimama mbele ya kitanda nambari tatu. Mwenyewe ni yupi? Mchana Nyaboke ni ziada ya Winfred. Usiku Winfred ni ziada ya Nyaboke. Nikikuandikia jina la mmoja nimemtoa mtu nje saa ambayo kitanda ni chake, na huko nje kila mlango una waraka wako. Wanajua kwamba umeomba majina. Tangu wajue, mabishano ya vitanda yamekwisha, kila mtu ana adabu kupita kiasi, na kila nikishika kalamu hata ya kuandika ununuzi wa bakala, duka la hapa chini, wananiangalia mkono. Afadhali walipokuwa wakigombana.

Kwa hayo yote, naomba kamati yako ifanye yafuatayo.

Kwanza, iwaombe waajiri waturudishie usiku. Hatuombi mshahara, hatuombi hata kazi. Tunaomba tu watu wangu wanane waruhusiwe kwenda kukaa kazini mwao kuanzia jioni mpaka asubuhi, kama ilivyokuwa. Winfred yuko tayari kukunja upya shuka zilizokwisha kunjwa. Shamira yuko tayari kulinda duka lililofungwa, na nakuhakikishia kwamba duka lililofungwa halijawahi kupata mlinzi mwenye furaha namna hiyo.

Hilo likishindikana, nageukia villa yako. Ile picha uliyotutumia ukiwa barazani na kikombe cha kahawa, ukasema "tuko pamoja", niliikuza kwa vidole ili nione vizuri. Una vyumba vya kulala vinne. Watoto wenu Shaun na Chelsea wamekwama Nairobi wanakosomea, kwa hiyo mko wawili, wewe na mke wako Rael. Hata vitanda mnavyolalia havina kazi mchana, kwa maana wewe mchana uko kwenye kompyuta yako sebuleni, unafanya kazi ukiwa nyumbani, na sisi tunakusifu kwa hilo. Napendekeza watu wangu wanane wawe wanalala kwako mchana. Watatandika. Hamtaonana. Mtajuana kwa harufu ya mafuta ya nywele tu.

Ukiona hilo linakukwaza, basi uonyeshe mfano kwa wewe mwenyewe kuingia zamu. Rael alale usiku, wewe ulale mchana, nusu ya nyumba yako ibaki wazi. Viongozi wengine wakufuate. Kisha jumuiya nzima: nusu ya ndugu zetu wa Doha mchana wao uwe usiku. Kila foleni itapungua nusu, kila lifti itapungua nusu, na huyo korona akija saa yoyote atakuta nusu yetu tu. Nimeipiga hesabu hii mara tatu na sijaona kosa. Nashangaa wakubwa hawakuifikiria, ila nafikiri ni kwa sababu kila mmoja wao ana kitanda chake na anakilalia usiku.

Majina ya ziada sikuambatisha. Nimepata shida ya kuchagua, kama nilivyoeleza. Ijumaa ikifika ukaona kimya, usimtume katibu aje kutuhesabu. Hatapata pa kusimama.

Nisalimie Rael sana. Nisalimie Shaun na Chelsea mkiongea nao, waambie wasome. Nisalimie mweka hazina, katibu, na wote wa kamati, kila mmoja kwa umbali wake. Winfred, Nyaboke, Shamira na wengine kumi na watatu wanakusalimu, baadhi yao wakisoma barua hii begani pangu ninavyoiandika.

Ni mimi, mwenye ufunguo wa mlango, vitanda vina wenyewe,

Millicent Awuor (Matroni)

N.B. Nilikuwa bado natafuta mtu wa kukuletea barua hii, Rael akanipigia. Hata hakujua kwamba nimeandika. Akasema, "Millicent, hapa kwangu kuna vyumba viwili vya watoto, magodoro manne, hakuna anayelala. Niletee wanne. Maurice nitaongea naye mimi." Nilimshukuru mpaka nikakaa chini, na kwa bahati palikuwa na mahali.

Nikawaita wote jikoni nikatangaza: villa, chumba, kila mtu na godoro lake, mita mbili zenyewe. Nani anaenda?



Winfred akasema, "Nyaboke aende. Ana miguu mirefu, atastarehe huko."

Nyaboke akamgeukia. "Niende? Na wewe unavyolala mchana kama gunia, mudir akipiga simu itashikwa na nani? Jana si nilikuamsha mara mbili, na ilikuwa tu kampuni ya simu inatangaza bando?"

"Basi twende wote wawili."

"Shamira ataamshwa na nani daku?"

Shamira akasema ataweka kengele. Wa chumba kidogo wakamwambia kengele yake inaamsha kila mtu isipokuwa yeye. Wa chumba kikubwa wakasema Shamira akienda na wao wanaenda. Mpishi akauliza sasa yeye abaki apikie kuta? Nikajumlisha waliokuwa tayari kwenda na masharti yao, nikapata watu kumi na sita na sufuria. Nikasema anayetaka kwenda bila sharti ainue mkono. Hata aliyekuwa akijikuna kichwa aliushusha.

Kwa hiyo, Mwenyekiti, yote niliyosema hapo juu kuhusu kubanana yachukulie kama mazungumzo. Mwambie Rael hao wanne sikuwapata. Ila kama magodoro hayana anayeyalalia, atutumie yote manne. Watu tunao.