Bikizee na Mzimu Aliyetanguliza Meno

Jumatatu, 3 Machi

Mama watoto ametoa hukumu. Anataka meza ya kompyuta kwa ajili ya cherehani yake. Jumamosi kompyuta inakwenda stoo, isipokuwa ikithibitisha kwamba bado ina uhai. Mimi na mdomo wangu usio na breki nikajibu kwamba itaendesha lile gemu jipya la kutisha analocheza kaka yake. Shemeji akacheka mpaka akamwaga chai. Kadi yangu ya picha, ile inayochora gemu kwenye skrini, alisema, hata ilipokuwa mpya ilikuwa ya bei poa. Kweli. Ndiyo maana naiita Bikizee. Lakini ng'ombe hazeeki maini!

Jumanne, 4 Machi

Gemu limefunguka! Kisha picha zikaanza kuja mojamoja, kama wageni waliolazimishwa. Mzimu aliponirukia, aliganda hewani. Nikaenda kunywa maji. Niliporudi, alikuwa bado anakuja.

Jumatano, 5 Machi

Mbinu. Nimepunguza kila kitu. Ukungu, zima. Majani, kwaherini. Vivuli, zima. Gemu linateleza kama mlenda! Nikamwita shemeji kwa mbwembwe. Akatazama weee, akauliza mzimu yuko wapi. Kumbe mzimu mwenyewe ni kivuli. Nimemzima. Nimebaki natembea peke yangu kwenye nyumba safi, kama dalali.

Alhamisi, 6 Machi

Nimerudisha vivuli, basi. Nimefungua ubavu wa kompyuta, nimemwekea Bikizee feni ya sebuleni. Jamani, huyu bibi! Ananguruma, anatoa joto la kukausha soksi (nimeanika), lakini haachi kazi. Kadi ya shemeji ina mataa kama ukumbi wa harusi. Huyu ana kafeni kamoja, tena kanachechemea. Nimempenda upya.

Jumamosi, 8 Machi

Shemeji akapendekeza jaji awe dada yake: asipotishika, meza yake. Ujanja mtupu. Mke wangu ni muuguzi wa majeruhi; atishwe na nini?

Mapazia yakafungwa. Ukumbi wa ndani ya gemu ulikuwa mtupu. Kisha, kwa kuwa Bikizee huchora kwa kujikongoja, yakatangulia meno. Meno matupu, hewani. Uso ukafuata kwa wakati wake.

Shemeji, aliyekwisha kulimaliza gemu hilo kwake, aliruka akatua ndani ya kikapu cha vitambaa. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango, nalinda usalama. Mama watoto hakupepesa hata kope.

"Sogeeni huko, mnaniziba."

Akacheza mpaka jua likazama.

Jumapili, 9 Machi

Hakutishika, kwa hiyo meza ni yake. Na kompyuta iliyo juu yake. Na kiti. Cherehani ndiyo iliyokwenda stoo. Amempapasa Bikizee, akasema, "Huyu bibi anaijua kazi." Mimi napangusa vumbi tu.

Mchana shemeji kanipigia: sehemu ya pili ya gemu inakuja, inataka kadi yenye nguvu maradufu. Nimemwambia kwamba Bikizee ataiweza, na bibi akishindwa, yeye shemeji achukue kitanda chetu.

Mama watoto nitamweleza Bikizee akishinda.