Kiti cha Osofo na Bango Lililojaa

Jumatatu, 4 Agosti

Siku kubwa! Kanisa limenipa kazi ya kutengeneza kiti kipya cha mchungaji wetu, Osofo Agyekum, kizinduliwe Jumapili ya shukrani. Kikipendeza, mabenchi yote ya jengo jipya ni yangu. Kisipopendeza, yanakwenda kwa Kwaku Bediako, fundi seremala wa karakana ya jirani, mtu wa penseli sikioni.

Bediako akauliza kama nimeshampima Osofo, maana ni mfupi, miguu yake huning'inia kila anapoketi. Nikamjibu kwamba siku hizi hatupimi watu. Tunachora kwenye kompyuta, tunachapa ramani ya ukubwa kamili, tunaibandika kwenye mbao, tunafuata mstari. Akasema ehee, basi kompyuta ikupigie na randa.

Tukawekeana dau. Atakayeshindwa atafagia maranda ya mwenzake mpaka Krismasi. Maskini Bediako. Na mgongo wake ule!

Jumanne, 5 Agosti

Nimechora kutwa. Kiti kitamu! Kwenye mgongo wake nimeweka njiwa, mabawa wazi, shingo nyembamba kama ya bibi harusi.

Programu imeweka kisanduku pembeni, sentimita kumi kwa kumi. Eti ukishachapa ukipime kwa rula, uhakikishe ukubwa haukubadilika. Kupima tena! Ningetaka kupima ningekuwa Bediako. Nimekifuta. Kilikuwa kinaharibu sura.

Jumatano, 6 Agosti

Kwa Sista Fosuaa, mchapaji wa mabango ya misiba na ya siku za kuzaliwa. Vipande vya ubavuni alivichapa kwenye karatasi nyembamba, vikatoka safi. Mgongo na kikalio vikaenda kwenye bango. Bango likabaki jeupe kushoto na kulia.

Sista Fosuaa hapendi weupe. Alisema mteja amelipia bango zima, kwa nini aende nyumbani na nusu? Wafiwa humgombeza wakiona nafasi tupu pembeni ya picha ya marehemu. Akauliza: "Nikuvutie lijae, Bra Yaw?"

Vuta, dada yangu, vuta! Na hakuniongezea bei. Ukarimu gani huu!

Jambo moja tu. Njiwa amenenepa. Ana kidevu. Sista Fosuaa alisema huyo sasa ni bata. Nikamwambia huo ni upako.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimekata vipande vyote vya mvule. Mbao zimekwisha, hata kijiti hakikubaki. Nimetundika pazia mlangoni ili Bediako asiibe ubunifu wangu. Akachungulia pembeni ya pazia, akauliza ni nani anayeoa, maana anaona kitanda. Wivu tu.

Jumamosi, 9 Agosti

Balaa! Nimeunganisha kiti. Nikaketi katikati. Nikanyoosha mkono wa kulia utue kwenye egemeo: hewa. Wa kushoto: hewa. Maegemeo yametengana kama majirani waliogombana. Urefu sawa, kina sawa, lakini upana! Huyu Fosuaa alivuta nini?

Mbao hakuna. Muda hakuna. Nikafikiria kuugua malaria. Nikafikiria kumtembelea mjomba kule Sunyani. Bediako akaniita kupitia ukutani, anauliza nitapenda fagio la mpini mfupi au mrefu. Nimeshindwa kula fufu. Baadaye nikala, ingepoa bure.

Jumapili, 10 Agosti

Andika, Yaw, andika kabla hujasahau hata neno moja!

Kiti kiliingizwa kimefunikwa kitambaa cha kente. Bediako alikaa mstari wa mbele, na alikuja na fagio. Kanisani! Kitambaa kikaondolewa. Osofo akapanda, akaketi katikati, miguu hewani, akaonekana mtoto aliyesahauliwa kituoni. Nyuma mtu akacheka. Kisha wawili. Mimi nikatafuta mlango kwa macho.

Ndipo akasimama Osofo Maame, mke wake. Mama huyu, tangu kanisa lianze, ameketi kwenye kiti cha plastiki nyuma ya spika. Akatembea taratibu. Akamwambia mumewe, na kipaza sauti kiko wazi: "Agyekum, sogea."

Osofo akasogea. Mama akaketi. Walienea! Huyu na egemeo lake, yule na lake, njiwa mnene katikati yao. Kina mama wakalipuka. Vitambaa vyeupe juu, ngoma, vigelegele. Osofo Maame akafuta machozi, akasema ni nani huyu aliyenikumbuka?

Nikachukua kipaza sauti. Nikasema nilioneshwa katika ndoto. Watu wawili, nikasema, lakini moyo mmoja. Hata mimi nikalia, na yale machozi yalikuwa ya kweli. Mabenchi ni yangu! Nilicheza mpaka kiatu kikachomoka.

Jumanne, 12 Agosti

Bediako anafagia maranda yangu. Raha iliyoje kumtazama.

Mchana akaja Osofo mwenyewe. Anataka na mimbari, tena ya haraka, ya Jumapili hii. Nimeshaichora. Kisanduku cha kupimia kimejitokeza tena, nimekifuta tena. Sista Fosuaa amepiga simu kwamba safari hii bango lililobaki ni refu sana, je, alivute lijae kwenda juu? Nikamwambia vuta, dada yangu! Mungu akikuonesha njia huulizi mara mbili.

Bediako alisikia yote. Akauliza taratibu kama ni mimbari hii hii atakayosimama nyuma yake Osofo Agyekum, yule yule mfupi. Nikasema ndiyo, kwani kuna mwingine?

Tangu hapo anafagia huku anaimba. Fagio lenyewe amelisafisha vizuri, akaliegemeza mlangoni kwangu, eti lisipotee. Sijui anafurahia nini.