Hotuba ya Mkurugenzi Mtendaji Siku ya Kuufungua Mlango wa Nyumba ya Shangazi

Mheshimiwa mgeni rasmi, ambaye kwa bahati njema ni mimi mwenyewe, kwa kuwa mgeni rasmi tuliyemwalika amepata udhuru wa ghafla tangu mwezi uliopita. Mheshimiwa mwenyekiti wa bodi ya shirika letu, ambaye pia ni mke wangu na leo amebaki nyumbani kwa majukumu ya kibodi. Mheshimiwa mweka hazina, shemeji yangu. Mheshimiwa mjumbe huru wa bodi, mama mkwe wangu, ambaye ni huru kwelikweli kwani hakuna aliyewahi kumwambia kitu akasikia. Mheshimiwa mfadhili wetu mpenzi, uliyevaa kofia pana pale mstari wa mbele. Waheshimiwa wadau, wadau wenza, wadau watarajiwa, na ninyi mliokuwa mnapita njia mkaona viti. Na wewe Shangazi yangu, dada wa baba yangu, mwenye nyumba hii: nyumba ya kale! (Wananchi: Ipo!) Nyumba ya kaleee! (Wananchi, kwa sauti iliyoshuka kidogo: Ipo!) Ahsanteni sana, kaeni. (Hakuna aliyekuwa amesimama.)

Kabla sijauzungumzia mradi, itifaki inanilazimisha, nami si mtu wa kubishana na itifaki, nianze kwa kujizungumzia mimi. Mimi ni konsaltanti wa uhifadhi wa majengo ya kale. Wengine wanajenga, na tunawapongeza, lakini hiyo ni kazi ya misuli, mimi nashauri. Nilianza nikiwa kijana wa kumshikia mtaalamu mmoja futi ya kupimia, siku moja futi ikapotea, nikaanza kupima kwa macho, na hapo ndipo ukonsaltanti wangu ulipozaliwa. Nani asiyeijua saa ya posta ya zamani? Waliniita wakitaka itembee. Nikawaambia, jamani, saa hii imesimama miaka mingi kuliko ile iliyotembea, kwa hiyo kusimama ndiyo historia yake, msiiguse! Mpaka leo imesimama imara. (Makofi ya mtu mmoja.) Nani asiyezijua ngazi za mahakama ya kale? Nilishauri zisikanyagwe kabisa. Leo mahakimu wanaingilia dirishani, lakini ngazi zinang'aa kama sahani. (Kicheko.) Nashukuru kuona mnayafurahia mafanikio hayo.

Baada ya kushauri mpaka washauriwa wakaanza kunikimbia, niliona nirudishe shukrani kwa jamii kwa kuanzisha shirika lisilo la faida, na leo nasimama kifua mbele kuthibitisha kwamba tangu tuanze kazi, hakuna mtu yeyote nje ya bodi aliyepata faida hata chembe. (Makofi mazito kutoka kwa shemeji.)

Sasa mradi. Mradi huu, ndugu wadau, ulianza kwa simu. Shangazi yangu huyu mnayemwona amekalia begi lake... Shangazi, si kuna viti? (Shangazi: Nimeridhika na begi langu.) Haya. Shangazi alinipigia asubuhi moja, mvua inanyesha, akaniambia, namnukuu neno kwa neno: "Mwanangu, kigae kimoja cha paa kimepasuka, maji yananidondokea kitandani, hebu nitafutie fundi." Mtu wa kawaida hapo angesikia kigae. Mimi nilisikia wito! Nikamjibu, Shangazi, nyumba hii aliijenga babu, baba yangu kazaliwa humu, mimi mwenyewe vioo vyake nimevivunja kwa mpira, hapa hatuzungumzii kigae, tunazungumzia heriteji! (Shangazi: Mimi nilizungumzia kigae!) Naomba maswali yasubiri mwisho wa hotuba. Shangazi, unajua ninavyokuheshimu, wewe kwangu ni baba, lakini kuna itifaki.

Tukafanya fizibiliti stadi, tukafanya mashauriano na mastekiholda, tukanywa chai. Semina ya kwanza ilijadili maana ya neno "kale". Semina ya pili ikajadili maana ya neno "nyumba". Semina ya tatu ilikuwa ijadili kigae, lakini hoteli ilikuwa na harusi ikatutoa ukumbini. Hata hivyo takwimu zinazungumza zenyewe: asilimia tisini na nane ya washiriki waliridhika na mradi, na asilimia mbili iliyobaki, yaani Shangazi, iliuliza fundi yuko wapi. (Kicheko cha muda mrefu.)

Kwa usalama wake tulimhamisha kwa muda kwenda kwa binti yake, ambako analala kwenye kochi la sebuleni pamoja na wajukuu wawili wanaorusha mateke usingizini. (Shangazi: Watatu! Wa tatu kazaliwa mimi nikiwa palepale kwenye kochi!) Oho! Hongera sana, Shangazi. Katibu, andika hiyo, tutaiingiza kwenye ripoti chini ya impakti. (Shangazi: Andika na mgongo wangu! Unaniuma, na roho inaniuma vilevile. Nataka kulala kwangu, chini ya paa langu, basi!) Na ndiyo maana tuko hapa, Shangazi, ndiyo maana tuko hapa leo.

Niingie kwenye awamu. Hatua ya kwanza iliitwa Kulipumzisha Paa. Hebu fikirieni, paa lile limefanya kazi tangu enzi za babu, usiku na mchana, bila likizo! Tukavishusha vigae kimoja kimoja kwa upendo, tukavipeleka kwenye Kituo cha Muda cha Hifadhi, ambacho kutokana na ufinyu wa nafasi mjini kiko nyumbani kwangu. Na kwa kuwa sisi wataalamu tunakubaliana kwamba kigae kikilazwa chini kinaugua, tumevipanga kwa mwinamo, juu ya mbao zake zilezile, juu ya vyumba vyangu. Hata kile kilichopasuka kipo, tumekiacha na ufa wake kwa ajili ya uhalisia, na mvua ikinyesha kinadondosha maji kitandani kwangu. Naomba mfadhili aone ninavyojitolea! (Mfadhili anavua kofia.)

Sasa bila paa, ile ngazi ya ndani ilikuwa inampandisha nani, kwenda wapi? Ngazi ikasafirishwa, na imehifadhiwa kwa uangalifu kati ya sebule yangu na vyumba vya juu. Madirisha nayo yalibaki yanatazama nje, ilhali huko ndani nako kulikuwa nje, mkanganyiko mtupu, tukayaokoa na sasa yanatazama bustani yangu. Kuta zikabaki zimesimama bila shughuli, na katika fani yetu hakuna kitu cha hatari kama ukuta usio na shughuli. Tukazirahisisha, tofali baada ya tofali. Kwa hiyo ninavyozungumza nanyi, na huu ni ufanisi ambao sijausikia popote, nyumba ya Shangazi imehifadhiwa kwa asilimia mia moja na ushee, na hakuna hata tofali moja lililobaki hapa likaharibika. (Mtoto mmoja analia.)

Kilichobaki, ndugu zangu, ni mlango huu. Utazameni! Umesimama katikati ya kiwanja na fremu yake, umefungwa utepe, umeshikiliwa kwa nyuma na miti miwili tuliyoipaka rangi ya kijani ili isionekane. Hiki ndicho kito cha mradi, na mheshimiwa mfadhili, ukishauvuka ukajionea mwenyewe kazi iliyofanyika ndani, tunaamini utaweka sahihi yako kwa Awamu ya Pili, kwa sababu bila sahihi hiyo shirika hili, nasema kwa uchungu, litabidi litafute kazi ya kufanya. Nasikia minong'ono huko nyuma kwamba mtu anaweza kuuzunguka mlango. Jamani! Mtu anaweza kuzunguka chochote. Kuzunguka siyo uzalendo! (Mbuzi anapita kando ya mlango, anaingia, anatoka.) Walinzi, yule mbuzi hana mwaliko.

Basi tukate utepe. Mkasi uko wapi? Shemeji, mkasi si ulikuwa kwenye bajeti? Haya, tutafungua fundo. Limefunguka. (Makofi.) Na kwa kuwa uhifadhi siyo wa mbao peke yake bali na wa adabu, naomba mfahamu kwamba tangu enzi za babu hakuna aliyeuvuka mlango huu bila kupiga hodi na kuitikiwa, mimi mwenyewe nilichapwa bakora kwa kosa hilo. Mheshimiwa mfadhili, simama hapa kando yangu. Hodi! Hodiii! (Sauti ya Shangazi, kutoka upande wa pili wa mlango: Nani?)

Shangazi? Umefikaje huko? (Shangazi: Nimezunguka.)

Sawa. Vizuri. Ni mimi, mwanao, na mgeni. (Shangazi: Mnataka nini?) Tunataka kuingia. (Shangazi: Wapi?) Ndani. (Shangazi: Ndani mwa nini?) Shangazi yangu, kipaza sauti kiko wazi na mgeni anaungua jua, sema tu karibu, neno moja, litakupunguzia nini? (Shangazi: Sisemi. Nimekaa juani mimi, na wewe uko juani, mtu haingii kutoka juani kwenda juani.) (Wananchi wanacheka, wengine wanapiga vigelegele.) Mheshimiwa mfadhili, nakusihi usizunguke! Ukizunguka, kitaalamu itahesabika hatujaingia! (Mfadhili ameshazunguka. Wananchi wanamfuata. Mbuzi pia.)

(Shangazi: Hebu nikuulize. Paa langu umesema liko wapi?) Liko salama, Shangazi, liko kwangu. (Shangazi: Ngazi?) Kwangu. (Shangazi: Madirisha?) Shangazi, hayo nimeshayaeleza kwenye awamu. (Shangazi: Basi nyumba yangu iko kwako. Nilikuomba kigae kimoja, mwanangu, ukabeba nyumba nzima! Nimekasirika mpaka hasira zimekwisha, nikaona niifuate ilipo. Begi hili ndilo la mwisho, mengine yametangulia asubuhi, na ufunguo mkeo amenipa.)

Mwenyekiti wa bodi amekupa ufunguo? (Shangazi: Kasema bodi imepitisha.) Mjumbe huru, mama, ni kweli bodi imekaa bila mimi? (Mjumbe huru: Imekaa, mkwe wangu. Na chai tulikunywa.) Shemeji? (Shemeji anaonekana mbali, anatembea haraka.)

Lakini Shangazi, kile chumba cha juu, chini ya kigae kilichopasuka, ndipo ninapolala mimi! (Shangazi: Ndipo nilipokuwa nalala mimi. Fundi nimeshampigia, jioni anakuja, kigae kinabadilishwa leoleo.) Na mimi nilale wapi? (Shangazi: Kochi la binti yangu liko wazi. Wajukuu nimeshawaambia, wanakusubiri kwa hamu.) (Vicheko, makofi, vigelegele. Mfadhili anabeba begi la Shangazi.)

Utulivu tafadhali. Utulivu! Ndugu wadau, mradi wowote mkubwa una changamoto zake, na changamoto ikishughulikiwa kwa mujibu wa itifaki inageuka kuwa Awamu ya Tatu. Kwa hiyo, kwa heshima na taadhima, nahitimisha. Namshukuru mchora mabango, aliyetuandikia "Mradi Umekamilika" kabla hatujakutana hata mara moja. Nawashukuru wote waliohudhuria semina, hasa ile ya chai. Namshukuru aliyepaka ile miti rangi ya kijani. Na kwa namna ya pekee namshukuru fundi wa vigae, ambaye katika maisha yote ya mradi huu hatukuwahi kumwita. Nyumba ya kale! (Wananchi, kwa kishindo: Ipo!) Nasema nyumba ya kaleee! (Wananchi: Kwakooo!)

Ahsanteni. Shangazi, ngoja, usiondoke kwanza. Nikipita jioni kuchukua mswaki wangu, utanifungulia?

(Shangazi: Piga hodi, tutaona.)