Mbuzi Watatu wa Ntheo

Jumatatu, 3 Machi
Kalondu ananishtaki kortini hapa mjini Wote. Anataka talaka, tugawane ploti ya Malili, na Mutanu, binti yetu wa miaka saba, abaki kwake. Ploti ya kando ya barabara kuu! Jirani yangu Mbogo amenipa akili. Ameniuliza kama nilipeleka wale mbuzi watatu wa ntheo, wa kufunga ndoa kimila, kwa kina Kalondu. Sikupeleka. Tangu tuanze kuishi pamoja naahidi tu. Basi, Mkamba bila ntheo hajaoa, na asiyeoa hana cha kugawana. Nimejitazama kwenye kioo kwa heshima.

Jumatano, 5 Machi
Safari hadi Kyuso, kwa baba yake Kalondu. Nimemwomba mzee aje kortini aseme hajaona mbuzi hata mmoja. Nilidhani atanitupia kiti. Akanimiminia chai, akasema atakuja kwa furaha. Mtu mwema sana.

Alhamisi, 6 Machi
Hakimu ni mama mdogo wa mwili, anaongea polepole, na chumba kizima kinanyamaza. Nikasema sijawahi kuoa. Mzee akasema ni kweli kabisa. Hakimu akamuuliza Kalondu kama anapinga. Kalondu akanitazama, akasema hapingi, leo Baba Mutanu amesema ukweli. Nikashangilia moyoni.

Hakimu akasema basi hakuna ndoa ya kuvunja wala mali ya ndoa ya kugawa. Kila mtu abaki na kilicho kwa jina lake. Ploti iko kwa jina la Kalondu. Niliiandikisha hivyo mwenyewe, ndugu zangu wasiimezee mate.

Nikauliza, na mtoto je? Akasema baba ni baba, awe ameoa au hajaoa. Karo nitalipa, chakula nitapeleka. Mutanu ataishi na mamake, kwangu atakuja Jumamosi. Yaani sheria ilikuwa imefika kila mahali nilipotaka kukimbilia, imeketi, inaningoja. Sijawahi kuona kitu kikubwa hivyo.

Jumamosi, 8 Machi
Mutanu amekuja. Nilikuwa nimemkosa mpaka kifua kinauma. Tumepika chapati, moja ikaungua, akaila hiyo ili mimi nipate nzuri. Jioni mamake akamchukua. Nyumba imekuwa kubwa mno.

Jumapili, 9 Machi
Nimepata jibu katikati ya mahubiri. Nikipeleka ntheo sasa, nitakuwa nimeoa. Nikiwa nimeoa, Kalondu ataniacha kisheria. Akiniacha kisheria, ploti tunagawana, na Mutanu tunamwongelea upya! Hata hakimu atashangaa.

Mbuzi watatu nimeahidiwa na Mbogo. Kesho alfajiri niko njiani kwenda Kyuso. Tena safari hii nimekuwa mwangalifu: pikipiki yangu nimeihamisha kwa jina la Mbogo, isije ikaingizwa kwenye mgao. Alikubali papo hapo, hata chai hakumaliza. Mtu mwema sana.