Barabara ya Shaba Iliyopindapinda

Jumatatu, 3 Machi
Tanurini tangu alfajiri. Mgongo hoi. Kila bodi ya kompyuta ninayoilehemu hapa kiwandani naiona kama mji wa kijani uliotazamwa kutoka mawinguni: barabara za shaba, chipu nyeusi kama nyumba, njiani hakuna mtu. Natembea humo polepole mpaka nakaribia kwetu. Kengele inalia.

Habari! Mama mhandisi anatafuta msaidizi, na msaidizi hupewa chumba cha familia. Mke wangu, niliyemwacha kijijini, anasema siku hizi ameolewa na simu. Anayekitaka chumba pia ni Darubini, mkaguzi wa bodi. Hana hata mchumba!

Jumanne, 4 Machi
Nimegundua kosa. Kwenye bodi mpya ya majaribio, njia mbili za shaba zinatoka kwenye chipu bega kwa bega. Penye kona, ya nje inapita zake. Ya ndani inajipindapinda kama mlevi anayerudi nyumbani. Nikamdokeza Darubini. Akacheka, eti mzee, wewe choma bodi, kufikiri tuachie sisi. Haya! Data inakimbia, na anayekimbia hapindi. Hilo halihitaji zaidi ya darasa la sita.

Jumatano, 5 Machi
Saa ya chai nimeikata mipindo, nikaunga waya ulionyooka kama rula. Nikampigia mke wangu, aulizie nauli. Akauliza, baba watoto, umeambiwa au umeota? Nikasema vyote viwili.

Alhamisi, 6 Machi
Balaa! Bodi imewashwa, data iliyotoka ni takataka tupu. Nimekiri, Darubini alikuwa tayari kunisaidia kukiri. Mhandisi akaeleza kwa upole: njia zile ni mapacha, wamebeba ujumbe mmoja, lazima wafike pamoja. Mwenye njia fupi hupindishwa ili asimtangulie mwenzake. Nimeelewa? Nikasema sana. Kanipa bodi nyingine, kwa kuwa mkono wangu wa kulehemu ni safi. Ikifanya kazi, chumba changu. Darubini ameshapima dirisha, apate pazia.

Ijumaa, 7 Machi
Mapacha sikuwagusa. Mimi si mjinga. Lakini chipu! Imebanwa na vidude vinane vya kutuliza umeme, kama bibi aliyezongwa na wajukuu. Mhandisi alisisitiza vikae karibu kabisa, umeme usiyumbe. Huruma hana. Itapumuaje?

Nimevihamishia vyote pembeni, kwa mstari mzuri, nikaviunga kwa waya. Nikaitazama tena kutoka mawinguni. Sasa mji una uwanja, na upepo unapita.

Nimemwambia mke wangu afunge mizigo.