Ili Besi Yangu Isikike

Jumapili, 16 Juni
Nimekwisha. Leo saunani, kwenye chumba chetu cha kuogea mvuke, Armas, kiongozi wa bendi yetu na mpiga kodiani, alimwagia mawe maji, akangoja mvuke utuchome, ndipo akasema. Eti miaka kumi na tisa hakuna aliyewahi kulisikia gitaa langu la besi. Kyösti wa gitaa akadakia kwamba wakiweka kiti tupu pale jukwaani, angalau kiti hakili soseji. Wakacheka wote. Dansi ya Juhannus, sikukuu ya katikati ya kiangazi, ni Ijumaa. Nisiposikika siku hiyo, niiage bendi. Sina kingine maishani.

Jumatatu, 17 Juni
Mungu hamtupi mja wake. Kwenye pipa la taka la Kyösti nimeokota pedali yake ya zamani, ile ya kukanyaga ili gitaa likwaruze. Imekufa. Nitaifufua niifanye ya besi, na Kyösti atajuta. Nimeileta ndani ya koti. Mke wangu Lempi akauliza koti la nini na jua lote hili. Nikasema mafua.

Jumanne, 18 Juni
Waya ulikuwa umekatika. Nimeulehemu, pamoja na kidole gumba. Pedali imefufuka, ila besi inatoka nyembamba kama mbu. Kitabu cha maktaba kinasema kapasita, kile kipande ambamo sauti huingilia, ni ndogo, sauti nene hazipiti. Itakiwayo ni kubwa. Nimeing'oa kwenye redio ya Lempi ya jikoni. Hatajua.

Amejua.

Jumatano, 19 Juni
Kapasita nimeifunga kinyume, chanya kwenye hasi. Imepasuka. Moshi, kitambaa cha meza kimetoboka, kahawa inanuka plastiki. Lempi amesema, "Mume wangu, si ungejifunza hizo nyimbo tu?" Nyimbo nazijua. Mtu akiishi na asiyemwelewa huzeeka upesi. Redio ilikuwa na kapasita nyingine. Maiti haidai.

Alhamisi, 20 Juni
Inafanya kazi! Vikombe vimetetemeka kabatini. Nimekaa sakafuni nikalia.

Ijumaa, 21 Juni
Heri ningekufa jana.

Ukumbi wa ziwani ulijaa. Kwenye wimbo wa pili wa dansi ya tango nikaikanyaga pedali. Mbao za sakafu zikanguruma. Nikasikika hadi kwenye mitumbwi. Wachezaji wakaanza kukanyagana, halafu wakasimama. Armas akaninong'oneza, "Osmo, huo ni wimbo gani?" Nikamwambia ni uleule wa siku zote. Akauliza tangu lini naupiga hivyo. Nikasema tangu nilipojiunga. Akakaa chini, kodiani ikatoa pumzi yenyewe.

Jumapili, 23 Juni
Sauna tena. Hakuna aliyenitazama. Armas akasema naweza kubaki, wamenizoea, kwa sharti moja: pedali isitoke nyumbani kwangu. Kyösti akanipa soseji yake. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Tangu nirudi nimelala kitandani, nikiwaza. Mwishowe nimeelewa. Bendi nzima, miaka kumi na tisa, wanakosea wimbo, na mimi sikuwa na sauti ya kuwaambia. Ijumaa walinisikia nusu tu. Kapasita ilikuwa ndogo.

Lempi amenunua redio mpya. Nimeinyanyua alipotoka. Ni nzito kuliko ile ya kwanza.