Fiacre Maana Yake Kunguru

Jumatatu, 28 Agosti 2017
Vestine, mdogo wangu, kajifungua! Mtoto wa kiume. Kazaliwa kabla ya wakati, mdogo mno, yuko hospitali kwenye mashine ya joto. Jina bado. Mumewe, Théodore, anataka Théodore. Eti maana yake ni zawadi ya Mungu. Eish! Mtoto lazima aitwe Fiacre, kama mimi mjomba wake. Nimewaambia ni jina la wafalme wa Ireland, na aliye nalo hashindwi na kitu. Hayo nimeyabuni njiani, nikisubiri robot, taa ya barabarani, iwake kijani.

Jumanne, 29 Agosti
Balaa. Théodore kamuuliza padri. Padri kasema jina ni la Ireland kweli, lakini limetokana na kunguru. Kunguru! Théodore alicheka mpaka nesi akamkemea. Akauliza iweje mwanawe aitwe mwizi wa vifaranga. Nikajibu kunguru wa Ireland hawaibi. Sina hakika.
Jioni mtoto aliacha kupumua. Manesi wakamrudishia pumzi. Hakuna aliyecheka tena.

Jumatano, 30 Agosti
Nimefunga kibanda changu cha ushonaji mapema. Mpango: kumnasa Vestine peke yake, Théodore akiwa lindoni Sandton, kwenye majumba ya matajiri. Hotuba nilikuwa nayo kichwani. Nikamkuta kapenyeza mkono kwenye mashine, mtoto kamshika kidole. Hotuba ikayeyuka. Nikakaa. Nikamshika mkono wa pili mpaka wageni tulipotolewa.

Ijumaa, 1 Septemba
Mtoto ananyonya! Vestine katangaza: Fiacre. Nikamuuliza Vestine kama ni kwa ajili ya wale wafalme.
“Kaka, acha uongo,” akasema. “Padri alinieleza habari za mtakatifu Fiacre. Aliacha kwao, akalima bustani ugenini, akawalisha wapita njia. Sisi tuliotoka Burundi tunamjua mtu wa namna hiyo. Na juzi ulikaa nami bila kusema neno.”
Nikalia. Nikasingizia vumbi.

Jumapili, 3 Septemba
Nimelifikiria kwa utulivu. Ni ufasaha wangu uliomshinda. Hayo mengine kayasema ili kulificha hilo tu. Sasa Théodore anadai mtoto wa pili atampa jina yeye. Thubutu! Baada ya misa nimemvuta pembeni Mamie wa kwaya, asiyeweza kutunza siri, nikamnong'oneza kwamba Théodore, kwa Kigiriki cha zamani, ni aina ya mbuzi.